Bwana Nyuki na Chupa ya Mvuto

Kama Melkiadi angekuwa hajui lolote kuhusu feromoni, angenunua sabuni ya kuogea, akapanda basi, akarudi zake Kibondo salama. Tatizo lake ni kwamba alijua.

Alikuwa afisa nyuki wa wilaya. Serikali ilimtoa Mbinga akiwa kijana mwembamba, ikamleta Kibondo, na huko akanenepa, akaota kipara, akapewa jina la Bwana Nyuki na kila mwenye mzinga kuanzia mjini hadi pembeni ya mapori. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama mbele ya vikundi vya wafugaji wa nyuki na kuwaeleza jinsi malkia, mdudu mmoja asiye na bunduki wala polisi, anavyotawala maelfu kwa harufu peke yake. "Harufu ile inaitwa feromoni," alikuwa akisema, kidole juu. "Malkia akiitoa, mzinga wote unatulia. Ikipotea, humo ndani ni vurugu tupu."

Basi siku alipokuwa anakatiza sokoni Kasulu akasikia kipaza sauti kinabwata, "Feromoni! Feromoni ya wanaume wa kweli!", alisimama ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la ubatizo.

Mwenye kipaza sauti alikuwa Ridhiwani, mtu wa Tanga, shati la maua, meno mengi. Mezani kwake palikuwa na mafuta ya kuotesha ndevu, mikanda ya kupunguza matumbo, na vichupa vyeusi vyenye picha ya simba.

"Kaka, wewe ni msomi, nakuona tu," alisema Ridhiwani, akizima kipaza sauti kwa heshima. "Kwa hiyo sitakudanganya. Hii si pafyumu. Pafyumu ni ya kunukia. Hii ni ya kuvuta. Ina homoni."

"Homoni ya nini?"

"Ya dume."

"Dume la nini?"

Ridhiwani akamtazama kwa huruma. "Dume la dume, kaka. Unajipuliza shingoni, kifuani, nyuma ya masikio. Na ukipata kinywaji kidogo, ndiyo usiseme: mwili unapata joto, matundu ya ngozi yanafunguka, dawa inaruka yenyewe. Mwanamke hana habari. Anashtukia tu keshakupenda."

Neno hilo la mwisho ndilo lingetakiwa kumtia shaka Melkiadi. Badala yake ndilo lililomfanya aingize mkono mfukoni.

Maana alikuwepo Esteri. Esteri Niyonkuru alikuwa mfanyabiashara wa asali, mzaliwa wa Kasulu, binti wa Mzee Ndihokubwayo aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni na ambaye sasa ni raia, mwenye shamba, migomba na maoni mengi. Esteri aliwahi kuolewa, akaachika, na hakuwa mtu wa kusimulia habari hizo. Kila msimu alikuja Kibondo kununua asali. Alifungua ndoo, akainamisha uso, akavuta pumzi mara moja tu, kisha akakwambia kama asali imetiwa maji ya sukari, kama imepikwa, kama imerinwa mbichi, na wakati mwingine alikutajia na mti wa maua yake. Wauzaji wajanja waliiogopa pua ile kuliko walivyoiogopa mahakama.

Melkiadi alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kuoa. Mkono aliweza kuuingiza ndani ya mzinga wenye hasira bila glavu. Lakini kumwambia Esteri kwamba akiondoka Kibondo mji unabaki mtupu, hilo lilimshinda msimu wa kwanza, likamshinda na wa pili.

*

Alianza kujipuliza asubuhi iliyofuata. Harufu yenyewe ilikuwa ngumu kuieleza. Kwa juu ilikuwa tamu, kama pipi iliyosahaulika kwenye koti. Kwa chini kulikuwa na kitu kingine, kama soksi zenye madaraka.

Ofisini alikaa chumba kimoja na Majaliwa, afisa misitu, mtu wa Lindi, mpole, mwenye kupenda utani. Majaliwa aliingia, akasimama mlangoni, akanusa, akaenda moja kwa moja kufungua dirisha.

"Melki," alisema, "kuna kitu kimeoza humu, au kuna mtu anataka kuoa?"

"Ni sabuni mpya."

"Rudisha dukani. Waambie imekufa."

Hazikupita siku nyingi shingo ikaanza kumwasha. Vikatoka vipele vidogo vyekundu nyuma ya masikio, halafu kichwa kikawa kinamgonga kila ikifika saa nne asubuhi. Mtu mwingine angeacha. Melkiadi alijitazama kwenye kioo, akajikuna, akasema dawa imekolea. Alijua nyuki hawavumilii harufu za dukani, kwa hiyo mizingani hakwenda kabisa; alisingizia ripoti. Yaani akili yake ilikuwa inafanya kazi vizuri sana kuwahusu nyuki. Kumhusu yeye mwenyewe ilikuwa imeenda likizo.

Esteri alipokuja kuchukua mzigo, Melkiadi alikuwa amejiandaa. Alijipuliza mara nne, akapita baa, akanywa bia moja ya kufungua matundu, halafu akamfuata ndani ya ghala la kikundi. Ghala lenyewe ni chumba cha matofali chenye kidirisha kimoja ambacho huwa hakifunguki.

"Habari za Kibondo, Bwana Nyuki?" alisema Esteri bila kugeuka. Alikuwa ameinama juu ya ndoo.

"Nzuri. Mbaya kidogo ulipokuwa hupo."

Ilikuwa sentensi ya kishujaa kuliko zote alizowahi kumwambia, na yeye mwenyewe alishtuka ilivyotoka. Esteri akainua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akavuta pumzi kunusa asali, akasita, akavuta tena. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Unahema," Melkiadi alisema kwa sauti ya chini.

"Nasikia... nasikia kama joto kifuani." Esteri aliweka mkono shingoni. "Melkiadi, hebu nitoke nje."

"Si tuongee kwanza?"

"Hapa hatuwezi kuongea." Alikuwa ameshafika mlangoni, anashika fremu. "Njoo nyumbani Jumamosi. Baba atakuwepo. Naye alitaka kukuona. Tutayamaliza huko."

Akaondoka na nusu ya mzigo aliokuja kuuchukua. Melkiadi alibaki katikati ya ndoo za asali. Machozi. Kuhema. Joto kifuani. Na baba atakuwepo! Angekuwa mwepesi kidogo, angecheza.

*

Jumamosi Majaliwa alikubali kuwa mshenga, na pia kuendesha, kwa kuwa gari lilikuwa lake. Ilikuwa gari ndogo yenye viti vya kitambaa, na hicho kitambaa kilikuja kumgharimu. Safari nzima kutoka Kibondo hadi Kasulu aliendesha huku kichwa kikiwa nje kidogo, kama dereva anayetafuta namba ya nyumba.

"Umemwaga chupa nzima?" aliuliza.

"Kidogo tu."

Haikuwa kidogo. Asubuhi Melkiadi alinyoa ndevu na shingo kwa wembe mpya, juu ya vipele vyote vile, akajipuliza kwenye ngozi mbichi, na maumivu yake yalimfanya aruke mguu mmoja bafuni akiwataja watakatifu. Walipofika Kasulu mjini akaomba wasimame mahali, akameza toti mbili za pombe kali. Kwa ajili ya matundu.

Kwa Mzee Ndihokubwayo ni nje ya mji, njia ya Makere, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye baraza pana na migomba mpaka mlangoni. Mzee aliwapokea kwa mikono miwili.

"Amahoro, amahoro, karibuni sana. Bwana Nyuki! Mwili umekuwa mkubwa kuliko picha." Alinusa, akakunja uso, kisha akakumbuka ustaarabu. "Kaeni. Esteri anaandaa chai. Ninyi mnakunywa nini? Kuna urwagwa, nimeikamua mwenyewe."

Melkiadi akapewa kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija. Majaliwa akapewa soda. Jua lilikuwa limeelemea upande ule wa baraza, na Melkiadi alikaa palepale lilipopiga, akinyonya mrija, shingo ikimchoma kama amejifunga skafu ya upupu. Moyo ulianza kwenda mbio. Akajiambia ni mapenzi.

Majaliwa akakohoa. Nyumbani kwao Lindi amewahi kushuhudia posa nyingi, na hotuba aliipanga njiani.

"Mzee wetu, sisi ni wapita njia. Katika kupita tumeona ua zuri kwenye uzio wako. Sasa tunaye nyuki wetu, amelizunguka ua hilo misimu miwili, na leo anaomba ruhusa ya kutua."

Mzee alimsikiliza kwa makini. "Nyuki mmoja?"

"Mmoja tu, mzee wangu. Lakini mwaminifu."

"Mmoja ataniletea nini? Mimi nilimwambia Esteri nataka mizinga kumi na mitano, ya kisasa, niiweke kule bondeni. Ndiyo maana nikasema huyu bwana aje aone mahali."

Majaliwa alimgeukia Melkiadi. Melkiadi alitazama ndani ya kibuyu.

Wakati huohuo Esteri alikuwa ametokea mlangoni na sinia la vikombe, na alikuwa amesikia yote. "Majaliwa," alisema taratibu, "ua gani?"

Kabla hajajibiwa, nyuma ya nyumba mbao zilivunjika.

Aliyetoka huko alikuwa nguruwe jike, mweupe mwenye madoa, mpana kama kabati. Alikata kona ya nyumba, akapita katikati ya kuku, akapanda baraza bila kuombwa. Majaliwa alikuwa juu ya benchi kabla hujamaliza kupepesa jicho, ameshikilia nguzo, anamtaja Mungu wake kwa haraka sana. Lakini nguruwe hakuwa na shida na Majaliwa. Alikwenda mpaka kwa Melkiadi, akainua pua, akamnusa shingo kwa muda mrefu, kwa heshima. Kisha akageuka, akamwelekezea makalio, akasimama, masikio wima, miguu imekazwa, akatulia tuli.

Mzee Ndihokubwayo akamsukuma. Hakutikisika. Akamvuta sikio. Hakutikisika.

"Huyu yuko kwenye joto la kupandwa tangu juzi," mzee alisema polepole, kama mtu anayepiga hesabu ambayo halipendi jibu lake. "Anasimama hivi akiwa mbele ya dume."

"Dume liko wapi?" aliuliza Majaliwa kutoka juu ya benchi.

Wote wakamtazama Melkiadi.

Aliyecheka wa kwanza ni Esteri. Alicheka mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia, akaliweka chini, akashika magoti, akacheka. Melkiadi, pamoja na aibu yote, alihisi kitu kama furaha: hajawahi kumwona akicheka hivyo. Halafu kicheko kikawa kikohozi. Kikohozi kikawa mluzi mwembamba kifuani, kama mlango unaofunguka mbali. Esteri akajaribu kusema kitu, midomo ikafunguka, hewa haikupita.

"Kifua chake!" mzee alipiga kelele. "Ana pumu huyu tangu utotoni! Ni harufu, ni hiyo harufu yako!"

Melkiadi alinyanyuka kwenda kumsaidia. Kadiri alivyomkaribia ndivyo Esteri alivyorudi nyuma, mkono mbele, akimkataza kwa kiganja. Hapo ndipo Melkiadi alipoelewa, yote kwa mpigo: machozi ya ghalani, kuhema kwa ghalani, joto la kifuani. Alitaka kusema samahani. Ulimi ulikuwa umevimba, baraza likainama upande mmoja, naye akaanguka ubavu kwa ubavu na nguruwe, ambaye hata hapo hakusogea.

Wa kwanza kupata akili alikuwa mzee. Alimvua Melkiadi shati, akalitupa migombani, akammwagia ndoo nzima ya maji shingoni na kifuani. Esteri wakamkalisha mbele garini, dirisha wazi. Melkiadi wakamlaza nyuma, kifua wazi, mwekundu, anatetemeka. Majaliwa aliendesha kama gari la kuazima.

*

Kwenye kituo cha afya waliwaweka chumba kimoja, kwa kuwa kilikuwepo kimoja. Esteri alikaa kitandani na barakoa ya mvuke usoni. Mluzi wa kifua ulipungua kidogo kidogo, na Melkiadi, aliyelazwa kitanda cha pili na dripu mkononi, aliusikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote. Kila ulipolegea, naye alilegea. Ulipokaza, alifumba macho.

Daktari aliitwa Loyce, msichana wa Mbeya, mfupi, aliyechoka. Aliwasha tochi akaimulika shingo.

"Umepaka nini hapa?"

"Sabuni."

"Baba, nimekuchoma sindano ya aleji sasa hivi. Usinitanie. Umepaka nini?"

Melkiadi akamtazama Esteri, kisha akatoa kichupa cha simba kwenye mfuko wa suruali. Akaeleza. Alieleza yote, kwa sauti ndogo, mpaka habari ya matundu. Daktari Loyce alijitahidi sana asicheke, akafanikiwa karibu kabisa.

"Haya," alisema. "Ngozi ilishaanza kukataa mapema, ukaona vipele, ukaendelea. Kichwa kikauma, ukaendelea. Leo ukaikwangua kwa wembe, ukamwagia spiriti na kemikali ambazo hata aliyeziuza hazijui, ukakaa juani, ukanywa pombe kali, juu yake pombe ya ndizi. Pombe inatanua mishipa, inaleta joto na jasho. Ngozi iliyochubuka ikiwa vile inazidi kuwaka, na moyo unakwenda mbio."

"Kwa hiyo ni manukato au ni pombe?"

"Siwezi kukuapia. Yanaweza kuwa manukato peke yake, inaweza kuwa vyote kwa pamoja. Mwingine atajipuliza hii mwaka mzima asipate hata chunusi. Ninachojua, wewe hukitumii tena, na karibu na mtu mwenye pumu ndiyo kabisa. Huyu dada tungeweza kumpoteza."

"Na mvuto wenyewe? Kwa binadamu?"

"Wataalamu bado wanabishana, na mpaka leo sijaona aliyethibitisha. Kwa nyuki wewe ndiye unayejua."

Akatoka. Melkiadi akaigeuza chupa, akasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo hakuwahi kuyasoma. Katikati ya majina marefu palikuwa na moja alilolijua: androstenoni. Chuoni alilala chumba kimoja na wanafunzi wa mifugo, na walikuwa na kopo la kitu hicho. Ni harufu ya mate ya dume la nguruwe. Wafugaji humpulizia nguruwe jike puani kuona kama yuko tayari kupandwa. Akiwa tayari, husimama.

Aliisoma mara mbili. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka kudanganya, akamsomea Esteri kwa sauti na kumweleza maana yake.

Esteri akashusha barakoa. Hakucheka safari hii.

"Ngoja nielewe," alisema, akipumzika kati ya maneno. "Ulinitilia dawa."

"Nilijitia mwenyewe."

"Ili inipate mimi. Nikupende bila kujua. Bila kuulizwa." Akavuta pumzi. "Kumbe ulitaka niwe kama yule pale barazani. Nigeuke, nisimame."

Melkiadi aliigeuza chupa mkononi. Kila alichokiwaza kilikuwa utetezi, na kila utetezi ulinuka kuliko chupa. Akairudisha mfukoni.

Esteri akarudisha barakoa, akageukia ukutani.

*

Shingo ya Melkiadi ilichunika kama kiazi, ikapona, ikabaki na doa jeusi upande mmoja. Majaliwa aliosha viti vya gari kwa sabuni ya unga, kwa limau, kwa siki, mwishowe akaving'oa, akavianika nje ya ofisi, ambapo watu wote wa halmashauri walipata nafasi ya kuuliza kulikoni na kujibiwa kwa kirefu.

Melkiadi alipopita tena Kasulu alimfuata Ridhiwani. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Alimweleza habari za hospitali, za pumu, za nguruwe.

Ridhiwani alisikiliza, mkono kifuani. "Pole sana, kaka. Kwa kweli pole. Lakini tuseme ukweli wa Mungu: si ilivuta?"

"Ilivuta nguruwe!"

"Mimi nilisema inavuta. Nilikutajia inavuta nini?"

Melkiadi alikwenda kutoa taarifa kwa bwana afya wa mji, na aliporudi pamoja naye meza haikuwepo. Palikuwa na mama anauza dagaa, hamjui mtu yeyote mwenye shati la maua.

Esteri hakuonekana Kibondo. Mzigo aliagiza uletwe na lori, na mazungumzo aliyafanya kwa simu na mwenyekiti wa kikundi. Jina la Bwana Nyuki halikutajwa. Melkiadi alijaribu kuandika ujumbe. Aliandika, akafuta. Kila alichoandika kilikuwa kirefu, na katika kila ujumbe mrefu kulikuwa na mtu anayejaribu kumpitia mlango wa nyuma.

Mwishowe alipanda basi Jumapili moja, baada ya ibada, bila mshenga. Mzee Ndihokubwayo alikuwa barazani. Alimtazama mgeni wake kuanzia kipara hadi viatu, akavuta hewa kwa tahadhari, akaridhika.

"Yuko nyuma," alisema. "Mimi mwenyewe nilishakusamehe. Nilicheka wiki nzima. Lakini mimi siye niliyekosa pumzi."

Esteri alikuwa chini ya paa la bati nyuma ya nyumba, anachuja asali. Amefunga kitambaa kichwani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Alimwona, akaendelea na kazi.

"Nimekuja kusema jambo," Melkiadi alianza. Alisimama mbali, kama alivyofundisha wengine kusimama mbali na mizinga. "Nilikuwa nakupenda. Bado. Niliogopa kukwambia kwa sababu ungeweza kukataa. Kwa hiyo nikatafuta njia ambayo huwezi kukataa. Hilo ndilo kosa langu. Nguruwe ni aibu tu, aibu itaisha. Lakini lile ni kosa. Na nusura nikuue."

Asali ilikuwa inashuka kwenye ndoo kwa uzi mmoja mrefu.

"Sasa hivi naweza kukataa?" Esteri aliuliza.

"Unaweza."

"Basi nakataa."

"Sawa," Melkiadi alisema. Lilimuuma mahali ambapo hakujua pana kitu. Akashukuru, akageuka.

"Unakwenda wapi?"

"Si umekataa?"

"Nimekataa leo. Kwani ni lazima kila kitu kiishe siku moja na wewe?" Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye beseni la maji. "Kanawe mikono. Kitambaa hiki cha kuchujia kinateleza, njoo ukishike upande ule. Na usidhani kwamba zamani ulikuwa unanukia vizuri. Ulikuwa unanuka moshi kama nyama iliyokaushwa. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea, basi."

Alinawa, akashika. Walichuja mpaka jua likawa jekundu, wakiongea habari za bei za Mwanza, habari za dada yake Esteri, habari za Mbinga na kwa nini mtu wa Mbinga hajaoa. Kwa hili la mwisho Melkiadi alisema ukweli, kwamba alikuwa mwoga, na Esteri akasema hilo mbona linaonekana hata ukiwa Kigoma mjini.

Baada ya hapo alikuwa anakwenda kila alipopata nafasi. Mara nyingine Esteri alikuwa mchangamfu, mara nyingine alimkumbuka yule nguruwe na kununa upya, na Melkiadi alirudi Kibondo na basi la jioni akiwa hana hakika hata ya chai aliyokunywa. Hakumharakisha.

Jibu lilikuja kwa simu, siku ya kazi, Melkiadi akiwa juu ya mti mrefu pembeni ya mapori, anatundika mzinga, wanakikundi wote chini wamemkodolea macho. Simu ililia kwenye mfuko wa shati, kifuani. Mkono mmoja ulishika tawi na mwingine kamba, kwa hiyo aliibonyeza kwa kidevu, ikafunguka kwenye spika.

"Melkiadi, nimefikiri," ilisema sauti ya Esteri, kubwa, wazi, msitu mzima ukasikia. "Nimekubali. Lakini Kasulu sihami, na kazi yangu siachi, na mambo ya ndoa tutayazungumza mimi na wewe kwanza kabla hujamtuma mtu yeyote aje kuniita ua. Unanisikia?"

Chini, watu walisogelea shina. Mmoja akavua kofia.

"Nakusikia," alisema Melkiadi.

"Mbona sauti imekuwa ndogo? Uko wapi?"

"Juu ya mti."

"Shuka kwanza," Esteri alisema. "Shuka polepole. Ukifika chini unipigie."

Akafunga kamba, akaujaribu mzinga kama umekaa, akaanza kushuka, mguu mmoja baada ya mwingine, huku anacheka peke yake.